Dalali wa kazi si dalali wa nyumba: miaka yangu minne nje ya wodi

Kitu cha kwanza nilichopoteza nilipoamua kutoka wodini ni shilingi 480,000. Nilizituma kwa simu saa nne usiku, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha upasuaji, nasubiri damu itoke maabara. Naanza na hizo kwa sababu nilipokuwa natafuta njia nilikutana na madaktari wengi waliofanikiwa nje ya hospitali, na kila mmoja alinieleza alikofika. Alikopotea hakuna aliyesema.

Wakati huo nilikuwa daktari wa hospitali ya wilaya moja Kanda ya Ziwa, mwaka wa tano tangu nimalize utarajali, yale mafunzo ya kazini baada ya chuo. Madaktari tulikuwa wanne kwenye karatasi. Mmoja yuko masomoni, mwingine yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo kazini tulikuwa wawili. Kazi nilikuwa naipenda, na wagonjwa hawakunichosha. Kilichonichosha ni simu ya wodi ya wazazi saa nane usiku, siku ya sita mfululizo, halafu asubuhi kikao cha kujadili kifo cha mama ambaye kila aliyekaa pale anajua alikufa kwa kukosa damu, na bado tunajaza fomu kama watu wanaotafuta sababu.

Siku moja nilimfokea muuguzi aliyeniamsha. Alikuwa na haki zote za kuniamsha, mgonjwa alikuwa anavuja damu. Nikaenda nikampasua, mama akapona, mtoto akapona. Nilipotoka nimtafute yule dada nimwombe radhi nikakuta ameshamaliza zamu. Nikakaa pale mapokezi nikajiambia nitafute kitu kingine kabla sijafanya kosa ambalo halina wa kuombwa radhi.

Ndipo likaja lile tangazo kwenye kundi la WhatsApp la madaktari: kampuni ya bima ya afya, Dubai, inatafuta madaktari wa kuhakiki madai, hakuna zamu za usiku. Bwana aliyepokea simu alikuwa na maneno matamu. Aliniita "Dokta wangu" tangu dakika ya kwanza.

"Dokta wangu, nafasi zimebaki mbili. Nakushikia moja, ila tuharakishe uhakiki wa vyeti."

Barua ya ajira ilifika siku tatu baadaye, ina muhuri na nembo. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya bure, ile ya kila mtu. Niliiona. Nikajiambia labda ndivyo wanavyofanya. Nikatuma hela kwenye namba ya mtu binafsi, jina la kike ambalo sikuwa nimelisikia kwenye mazungumzo yote. Wiki mbili baadaye simu haipatikani, na tangazo limefutwa kwenye kundi.

Kilichoniuma zaidi baadaye ni kugundua kwamba uhakiki wa vyeti kwa nchi za Ghuba upo kweli. Mamlaka za afya za Dubai na Saudia huitumia kampuni ya DataFlow, ambayo huandikia moja kwa moja chuo ulichosoma na baraza lililokusajili. Ila akaunti unafungua mwenyewe, unapakia vyeti mwenyewe, unalipa mwenyewe kwa kadi kwenye tovuti yao, na risiti inakuja kwa jina lako. Hakuna mtu wa katikati mwenye namba ya simu. Yule bwana alijenga kibanda chake cha uongo juu ya kiwanja halali, na mimi nikaangalia kiwanja tu.

Mbona niliingia kirahisi vile, mtu na digrii yake? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni moja: sisi dalali tunayemjua ni wa nyumba. Ukihamia Dar anakuzungusha kutwa nzima na jua, ukipata chumba unalipa kodi ya miezi sita, na yeye unampa ya mwezi mmoja. Ndivyo tulivyokuzwa. Kwa hiyo mtu akisema "nimekutafutia kazi, nipe changu", masikio hayashtuki. Wakala wa ajira wa halali hayuko hivyo. Analipwa na mwajiri, mara nyingi asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyempeleka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kimsingi wakala asimtoze mtafuta kazi, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Hapa Tanzania wakala binafsi anatakiwa kuwa na leseni, na serikali yenyewe ina Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Muulize mtu leseni yake mapema. Wa kweli hakasiriki.

Hilo lilikuwa nusu ya somo. Nusu nyingine ilinichukua miaka kuielewa: kama analipwa na mwajiri, basi ni wa mwajiri. Anaweza kuwa mpole, mkweli, akakusaidia sana, lakini mwenye nyumba ni yule mwingine.

Wakala wangu wa pili alikuwa wa kweli. Dada wa miaka ishirini na kitu, yuko Dar, aliniona LinkedIn. Aliniandikia "Habari za jioni, Dokta, samahani kwa usumbufu" na akataja jina la kampuni anayofanyia kazi bila kuombwa. Nilimtumia CV yangu ya kurasa saba. Ilikuwa na kila wodi niliyopita tangu mwaka wa tatu chuoni, kila semina, mpaka cheti cha kuhudhuria maadhimisho. Akanipigia kesho yake.

"Dokta, hii inanionyesha ulikopita. Haionyeshi ulichofanya. Umewahi kusimamia watu?"

Nikamwambia hapana, mimi ni daktari tu.

"Umewahi kushika bajeti? Takwimu?"

Hapana.

Nilisema hapana kwa moyo mweupe kabisa, na yote yalikuwa si kweli. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya dawa ya hospitali: mimi ndiye niliyekaa na mfamasia kuamua tuagize nini kutoka Bohari ya Dawa na tuache nini kwa hela iliyopo. Nilikuwa napitia takwimu za MTUHA (zile taarifa za huduma ambazo kila kituo hutuma serikalini) za wodi ya wazazi kila mwezi kabla hazijaingizwa kwenye mfumo, na mara mbili nilikamata makosa yaliyofanya hospitali ionekane haina vifo. Nilikuwa nakwenda kusimamia matabibu kwenye vituo vya afya vitatu. Nilikuwa katibu wa vikao vya vifo. Lakini kwenye barua yangu ya kazi mambo hayo yote yalilala kwenye ule mstari wa mwisho tunaoujua: "na kufanya kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi". Nilikuwa nauona kama mstari wa kukomolea watu. Kazi zangu zote za baadaye zilitoka humo.

CV ikashuka hadi kurasa mbili. Pale palipoandikwa "Nilifanya kazi wodi ya wazazi 2017 hadi 2020" pakawa na sentensi tatu: nilisimamia zamu ya wauguzi na matabibu wangapi, nilipitia taarifa za uzazi kiasi gani kwa mwezi, na nini kilibadilika baada ya sisi kuanza kuandika muda tangu uamuzi wa kupasua mpaka kisu kugusa ngozi. Sikuongeza hata neno moja la uongo. Nilikuwa nimeshafanya, ila sikuwa nimewahi kuhesabu.

Yule dada nampa heshima yake, alinifundisha bure. Lakini ni yeye pia aliyeniuliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na kwa sasa wanakulipa kiasi gani, Dokta?" nami nikataja. Milioni moja na nusu. Wiki tatu baadaye kazi ikaja kwenye kampuni ya bima, 2,400,000. Nikapiga magoti nikashukuru. Mwezi mmoja baada ya kuanza akaja daktari mwingine, meza ya pembeni yangu, kazi ileile, uzoefu mdogo kuliko wangu. Yeye alianza na 3,100,000. Nilipomuuliza alifanyaje akashangaa swali. Alipoulizwa analipwa ngapi, alijibu, "Naomba kujua kwanza mwajiri ametenga kiasi gani kwa nafasi hii." Basi. Sentensi moja, laki saba kila mwezi.

Na hata hiyo 2,400,000 sikuipigia hesabu. Ngoja niipige hapa, kwa sababu daktari anajua kuhesabu matone ya dripu kwa dakika lakini mshahara anaupokea kama mvua. Serikalini kwenye 1,500,000 walikuwa wanakata asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF, kodi, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, deni la chuo. Mkononi zilibaki kama laki tisa. Kampuni binafsi ina maana unahamia NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, na huko wengi wetu tunakatwa asilimia 10, mara mbili ya kule. Kodi nayo, kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30. Bodi ya Mikopo inakufuata popote, asilimia 15 ileile. Kwa hiyo 2,400,000 ikatoa 240,000 ya NSSF, kodi 476,000, mkopo 360,000, nikabaki na 1,324,000.

Bado. Kule wilayani nilikuwa naishi nyumba ya hospitali bila kodi, na posho za zamu za kuitwa, zikitoka, zilikuwa kama laki mbili. Dar nilipanga chumba na sebule Tabata kwa 250,000 kwa mwezi, nauli kama 60,000. Ukitoa hizo nilikuwa na milioni moja na elfu kumi na nne. Kule nilikuwa na karibu milioni moja na laki moja. Nilihamia mshahara mkubwa zaidi nikawa na hela pungufu, na hapo sijataja kodi ya miezi sita niliyolipa mkupuo mmoja, na ya mwezi wa saba ya dalali. Dalali wa nyumba, huyo ninamaanisha.

Sisemi nisingehama. Ningehama. Lakini ningekwenda nimejiandaa, na ningeuliza swali ambalo sasa siliachi: hiyo unayonitajia ni kabla ya makato au baada?

Jambo dogo la pembeni, lilimkuta rafiki yangu wala si mimi. Alikuwa na mawakala wawili na wote aliwapa ruhusa ya jumla, "tuma popote". Wote wakampeleka kwa mwajiri mmoja. Mwajiri alipoona jina moja limeletwa na watu wawili, kila mmoja anadai malipo yake, akalitoa jina kabisa. Tangu hapo ninamwambia kila wakala: CV yangu usiipeleke mahali kabla hujaniandikia ni wapi nami nikakubali. Ninaweka daftari la nani kapeleka wapi na lini.

Kuacha kazi serikalini kwenyewe niliandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya, nikapita kila mlango nikaagana. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza mtu yeyote kuhusu likizo bila malipo. Huenda ningenyimwa. Lakini nilitoka kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayoungua, na nyumba ilikuwa haiungui, mimi ndiye niliyekuwa nimechoka.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Picha yangu nimevaa koti jeupe iko sebuleni, juu ya televisheni. Nilipompigia alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata.

"Mwanangu, wamekufukuza?"

"Hapana, baba. Nimepata kazi kwenye bima."

"Sasa mtu akiugua aje kwako umtibu kwa kompyuta?"

Hakuwa anatania. Miezi yote ile ya kwanza watu wa nyumbani waliambiwa niko "masomoni Dar". Mama ndiye aliyeniambia, kwa kunong'ona, kama siri ya ugonjwa. Yeyote anayefikiria kutoka wodini ajiandae na hili kuliko anavyojiandaa na usaili, kwa sababu usaili unaisha kwa saa moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nashtuka usiku saa nane nikitafuta simu. Iko kimya. Nikawa nalala tena nikijihisi mwizi.

Kazi ya bima sikuijua na hakuna aliyenifundisha chuoni. Unafungua madai: ugonjwa umeandikwa kwa namba ya kimataifa, vipimo, dawa, bei. Unalinganisha na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na orodha ya huduma ambazo mteja amelipia. Malaria kali, sindano za artesunate, kipimo hakina vimelea. Kikohozi, ceftriaxone, antibiotiki ya sindano, ya siku tano. Dai moja dakika mbili, lingine saa nzima. Wiki ya pili nilikutana na dai ambalo mwandiko wake wa kufikiri niliutambua: ndivyo nilivyokuwa naandika mimi saa kumi alfajiri, ceftriaxone kwa kila anayetetemeka. Sikujua kama nicheke au nijifiche.

Halafu ikaja simu ya mwenzangu tuliyesoma darasa moja, sasa yuko hospitali moja binafsi.

"Dada, mmetukata milioni nne. Nimeona sahihi ni yako."

Nilikosea nikabaki kwenye simu nusu saa nikimweleza kwa nini. Nilipaswa kumwambia asubuhi ileile msimamizi wangu kwamba yule ni rafiki yangu na madai ya hospitali ile yapewe mtu mwingine. Nilifanya hivyo wiki moja baadaye, baada ya kushindwa kulala. Kwenye kazi hizi urafiki wetu wa chuo ni mtihani, kwa sababu madaktari wa nchi hii tunafahamiana karibu wote, na upande mmoja wa meza unalipa, mwingine unadai. Kazi zenyewe zitaongezeka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na madai hayatajihakiki yenyewe.

Mei 2023 nikahamia shirika lisilo la kiserikali, mradi wa huduma za VVU, ofisi ya ubora wa huduma. Safari hii sikutaja mshahara wangu wa zamani. Kazi ilinifaa kuliko zote: nilirudi kwenye vituo vya afya, nakaa na wauguzi, tunapekua mafaili, tunajiuliza kwa nini watu wanaacha dawa mwezi wa tatu. Nilikuwa natumia kichwa changu cha daktari bila kuamshwa usiku. Baba akaelewa sasa, kwa sababu gari la mradi lilipita kijijini.

Mkataba niliusoma ukurasa wa mshahara na wa likizo. Ukurasa wa kumi na kitu kulikuwa na kifungu kwamba ajira inategemea fedha za mfadhili, zikisimama nayo inasimama. Niliuona baadaye. Tarehe 20 Januari 2025 ilitolewa amri Marekani ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na siku chache baadaye zikaanza kufika barua za kusimamisha kazi. Kwetu ilikuwa barua pepe. Nilikuwa kituo cha afya, katikati ya mafaili, muuguzi ananieleza habari za mgonjwa aliyehama. Nikafunga faili nikamwambia dada, leo siwezi kumaliza, sina ruhusa. Akauliza ruhusa ya nani. Sikuwa na la kumjibu ambalo lingeeleweka pale.

Nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja na miezi minane. Sheria ya ajira inatoa kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Mwaka wangu uliokamilika ni mmoja. Siku saba. Pamoja na malipo ya notisi, ndiyo yaliyokuwa kati yangu na mwenye nyumba. Kilichoniokoa ni dada mmoja wa utawala aliyetukusanya tuliopunguzwa akatuambia habari za fao la kukosa ajira la NSSF, theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, kwa aliyechangia walau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Miaka yangu ya bima ilihesabika. Wenzetu kadhaa walikuwa wamekwisha kuandika barua za kuacha kazi kwa hasira, siku mbili kabla, ili "watoke kwa heshima". Hao hawakupata.

Unapokwenda mradi, basi, uliza ufadhili unaisha lini, ni wa nani, na kama yuko mmoja tu. Hata ukijibiwa vizuri weka akiba ya miezi sita. Najua namna hiyo inavyosikika kwa mtu anayesomesha wadogo zake wawili. Mimi niliweka ya miezi miwili.

Sasa nije kwenye kosa linaloniumiza kuliko zile 480,000. Mwaka 2022, nikiwa bima, leseni yangu ya udaktari iliisha muda. Sikuihuisha. Nilikuwa na sababu nzuri: sitibu mtu, ya nini kulipa, na alama za mafunzo endelevu zinataka muda. Niliona hata aibu kidogo kwenda kuzitafuta. Basi Februari 2025, sina kazi, mwenzangu akanipigia kuna hospitali binafsi inatafuta daktari wa lokamu, yaani wa kushika zamu kwa muda, zamu tatu kwa wiki, hela unachukua mwisho wa wiki.

"Tuma leseni tu, dada, uanze Jumatatu."

Nikakaa na simu mkononi. Ilinichukua zaidi ya miezi miwili kukusanya alama na kulipa yaliyolala kabla sijaruhusiwa tena kumgusa mgonjwa. Zamu zile zilichukuliwa na mtu mwingine. Kama kuna jambo moja ningeomba msomaji alichukue kwa nguvu ni hili: toka wodini ukitaka, nenda bima, nenda kwenye takwimu, nenda kwenye kampuni ya dawa, lakini leseni iache hai. Hizo kozi za mtandaoni zenye alama ni jioni chache tu kwa mwaka. Na ile aibu ya kujiona si daktari tena ndiyo iliyonifanya nisiihuishe, gharama ilikuwa kisingizio.

Shemeji yangu aliyeko Uingereza alinishauri wakati ule nitafute wakala wa huko. Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55, ya mwaka 2023, zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa Uingereza unawazuia mawakala wasije kuvua watumishi kwenye nchi hizo. Mtu anaweza kuomba mwenyewe kwa mwajiri. Kwa hiyo wakala wa huko akikufuata inbox na wewe uko Shinyanga, ujue kuna mmoja wenu anayekiuka utaratibu wake, na si wewe.

Siku hizi nafanya zamu mbili kwa wiki kwenye hospitali binafsi, na siku zilizobaki nahakiki madai kwa mkataba, nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Jumla yake ni chini ya mshahara wa mradi. Zamu ya kwanza niliyoshika baada ya miaka minne mikono ilitetemeka kutafuta mshipa wa mtoto, na muuguzi mzee akasogea bila kusema kitu, akanishikia taa.

Watarajali wananiandikia sana. Wengi wanaomba "koneksheni". Mwezi uliopita mmoja alinitumia CV ya kurasa tano, wodi juu ya wodi, na chini kabisa, kama kitu cha kujazia nafasi, ameandika: "nimeshiriki kuzalisha akina mama 412". Nikamuuliza alijuaje ni 412 na siyo 400.

"Nina kaunta buku, Dokta. Kila zamu naandika umri wa mama, mimba ya ngapi, alifika saa ngapi, alionwa saa ngapi, ikaishaje. Nilikuwa naandika tu kwa ajili yangu."

Nikamwambia anipigie picha kurasa tatu, afunike majina. Alipotuma nilizisoma mara mbili. Nikamrudishia CV yake nikamwambia afute kurasa nne, halafu aanzie kwenye hiyo kaunta buku.